Nati Zilizonukia Sabuni

Mtu akienda kununua gari la zamani ambalo matengenezo yake hayajaisha, ajue anakwenda kununua maneno. Gari lenyewe liko vipande vipande, na kinachovishikilia vipande hivyo ni mdomo wa muuzaji: hiki kipo, kile kinakuja, kile kingine nimekiweka mahali. Fundi saa mmoja alilijua hilo kwa kuumia. Aliwahi kuuziwa gari la milango miwili, na milango yote miwili ilikuwa ya kushoto. Mpaka leo mkewe akitaka kumnyamazisha humuuliza tu, "Baba, ule wa kulia umeshaupata?"

Kwa hiyo safari hii alikuja amejiandaa. Alibeba tochi, kipande cha boksi cha kulalia chini ya gari, na sumaku ndogo ya kugundulia mahali ambapo kutu imefichwa kwa pati na rangi. Alibeba pia sura ya kununa, maana mnunuzi akionyesha kupenda amekwisha.

Muuzaji alikuwa makanika mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, mtu mwembamba mwenye viganja vikubwa kuliko kimo chake. Gereji yake ilikuwa barabarani, lakini gari hili alikuwa akilifufua nyumbani, kwenye banda la bati nyuma ya nyumba. Alimpokea mgeni wake kwa mikono miwili, akampeleka moja kwa moja bandani, kisha akasimama mlangoni na ufunguo mkononi bila kufungua.

"Kabla hujaliona, mwanangu, nikwambie kwa nini nauza, usije ukadhani gari lina kasoro. Gari zima. Mbovu ni mimi."

"Unaumwa, mzee wangu?"

"Kichwa. Wala hakiumi, kinaniacha. Nakaza nati leo, kesho naikuta haipo. Keshokutwa naikuta imerudi. Sasa makanika asiyekumbuka alichokaza jana si makanika, ni hatari. Watu wanapanda magari yangu na watoto wao. Nikishaliuza hili, funguo za gereji nampa mdogo wangu, mimi nakaa barazani nakodolea kuku macho."

Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. Fundi saa alicheka pia kwa adabu, huku moyoni akisema: huyu ni mjanja kuliko wote. Wauzaji wengine hulia shida za hospitali au mirathi. Huyu analia akili.

Mlango ukafunguliwa, na fundi saa akasahau kununa.

Gari lilikuwa juu ya magogo manne, limepakwa rangi ya awali ya kijivu, mapaja yake ya nyuma yamejaa na boneti imelala ndefu mbele. Alipitisha sumaku chini ya milango, mahali ambapo magari ya umri ule huwa yameliwa yote, na sumaku ikanasa kila mahali, tak, tak, tak. Bati tupu, wala si pati. Akalala juu ya boksi lake akamulika sakafu kwa chini. Mistari ya kuchomelea ilikuwa imenyooka na myembamba, ya mtu asiye na haraka. Hata milango ilikuwa miwili kama inavyotakiwa, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia.

"Hii kazi ni yako mwenyewe?" aliuliza kutoka chini.

"Yangu. Mama watoto anasema nimemwolea mke mwenza."

Fundi saa aliinuka ameshapenda, tena vibaya sana. Akajikaza, akaanza kutafuta makosa kwa bidii, na ndipo akili yake ilipoanza kuchezewa.

Taa ya mbele ya kulia aliigusa tu, ikacheza kama jino la mtoto. Akamulika nyuma yake. Bolti tatu zilikuwa zimejitokeza, hakuna nati hata moja.

"Mzee, hii taa haikukazwa."

"Nimeikaza jana."

"Nati hazipo, mzee. Njoo uone."

Spana alikuja, akijigonga bega kwenye nguzo ya banda kana kwamba nguzo imeota usiku uliopita. Akainama, akapapasa bolti moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole.  Aliinuka akaangalia mikono yake, na fundi saa akaona aibu kama mtu aliyemfungulia mwenzake mlango wa bafuni. Kama ni mchezo wa kuigiza, basi mzee huyu alikuwa bingwa.

Wakaendelea. Bawaba ya mlango wa kushoto, bolti mbili hazipo. Waya wa betri umefunguliwa, na ncha yake imefungwa kitambaa safi kabisa, kama kidole kilichokatwa. Kila mahali mzee alikuwa na jibu lilelile, "Nimekaza mimi," na kila mara alilisema kwa sauti ya chini zaidi.

Injini ilikuwa pembeni juu ya stendi ya chuma, imefunikwa turubai lililofungwa kamba. Spana alifungua fundo lake mwenyewe akalivuta turubai, na nuru ikamrudia usoni kidogo. "Hapa hakuna ubishi. Hii nilifunga ndani kwa siku moja, bila kuinuka hata kunywa maji."

Sehemu ya juu ya injini ilikuwa bado haijafunikwa, na pistoni nne zilionekana kwenye matundu yao, zinang'aa. Kila pistoni ya gari lile ina mshale mdogo kichwani, na mshale lazima uelekee mbele ya gari. Mtu akizifunga kinyume, injini inaweza kujiharibu yenyewe. Fundi saa, ambaye maisha yake yote ameyapitisha akitazama vitu vidogo kuliko mshale ule, aliona mara moja. Mishale miwili ilielekea mbele. Miwili ilielekea nyuma.

Angeweza kunyamaza. Lakini mzee alishafuata macho yake, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma.

"Hapana," alisema Spana. "Hapana, hapana. Hizi nilizipanga mimi." Akakaa juu ya tairi. "Nati naweza kusahau. Lakini pistoni hii, ili uigeuze, unafungua sampu, lile bakuli la oili hapo chini, unaachia chuma kinachoishika, unaisukuma itokee juu. Ni kazi ya nusu siku. Nani atakuja bandani kwangu afanye kazi ya nusu siku halafu aondoke? Ni mimi. Nimezifunga kinyume na mikono hii, na nikaona nimefanya sawa."

 Fundi saa alitaka kumshika bega, akaona labda ni utovu wa adabu. Akasema jambo la kijinga, kwamba hata yeye huwa anasahau miwani kichwani.

Sauti ya mke wa Spana iliwaokoa. Chai ilikuwa tayari.

Mama huyo alikuwa mfupi, mwenye haraka, na nyumba yake ilikuwa safi kiasi kwamba fundi saa alivua viatu bila kuambiwa. Vikombe vilipangwa mikono yote ikielekea upande mmoja. Alimimina chai, akamsogezea mumewe kikombe mpaka kikagusa kidole chake, akamuuliza mgeni habari za nyumbani, kisha akasema anakwenda kuanua nguo. Spana alikunywa chai yake yote. Alipomaliza alisema tu, "Umeona mwenyewe. Taja bei yoyote, mimi sitabishana."

Mnunuzi gani hajaota kuambiwa maneno hayo? Fundi saa alipoambiwa aliona chai imemshinda. Sasa aliamini kabisa kwamba mzee hakuwa akiigiza, na kununua gari la mtu saa ile aliyojikatia tamaa kulimchoma kama wizi. Akaomba wakaangalie tena ile taa, maana alihitaji muda tu, mahali pa kuweka macho.

Wakarudi bandani. Fundi saa akashika taa ya kulia. Haikucheza.

Akamulika. Nati tatu zilikuwa mahali pake, zimekaa vizuri kwenye bolti zake.

Alifumba macho akafumbua. Akaenda taa ya kushoto, labda alikosea upande. Akarudi kulia. Akaangalia bawaba ya mlango: bolti mbili zilizokuwa hazipo, zipo.  Yeye ni fundi saa. Hutenganisha saa ya mtu yenye vipande visivyohesabika, akavirudisha vyote bila kupoteza hata kimoja. Kama macho yake yameanza kumdanganya, watoto wake watakula nini?

"Mzee," alisema taratibu, "nilisema hapa nati hazipo, au sikusema?"

"Ulisema. Nami nikapapasa, sikuzikuta."

"Sasa zipo."

Spana alipapasa. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyepata mwenzake msibani, akasema, "Basi tuko wawili."

Alisema kichwa kinamgonga, anakwenda kutia dawa ya macho na kujinyoosha kidogo kama kawaida yake baada ya chai. Akaondoka akigusa ukuta kwa mkono. Fundi saa alibaki peke yake na gari, na kwa kweli aliwaza kukimbia. Alifikiria majini, akajicheka. Alifikiria wezi, lakini mwizi gani huiba nati tatu akazirudisha wakati wa chai? Mwishowe alifanya anachofanya dukani saa ikimshinda: aliishika nati moja, akaifungua kwa vidole, akaileta karibu na uso. Haikuwa imekazwa kwa nguvu. Ilikuwa na unyevu.

Na ilinukia sabuni.

Akanusa ya pili. Sabuni. Akainama akanusa bawaba ya mlango, na mtu angemkuta wakati ule angesema kweli banda lile linakula watu akili. Sabuni ya kufulia, tena inayonukia. Hakuna makanika duniani anayeosha nati kwa maji na sabuni. Huosha kwa dizeli au petroli, na huipaka grisi isishike kutu. Mwenye kuosha nati kwa sabuni ni mtu asiyeweza kuvumilia kitu kichafu kipite mikononi mwake.

Alimkuta mke wa Spana uani, kwenye kigoda, ameinamia beseni. Nguo hazikuwemo. Alikuwa akisugua bolti kwa mswaki mkuukuu, na nyingine zilikuwa zimeanikwa juani juu ya taulo, zimepangwa kwa ukubwa. Kando yake kulikuwa na spana moja.

Walitazamana. Mama hakujaribu hata kuficha.

"Ni za mlango wa kulia," alisema. "Nilikuwa nazirudisha. Nilidhani nitawahi kabla hamjafika huko."

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi, baba. Kaa."

Fundi saa akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama akafuta mikono, akaanza kusema huku akiangalia mlango wa chumba cha mumewe.

"Huyu mtu haoni. Mbele yake anaona kama mimi na wewe, lakini pembeni hakuna kitu. Daktari alimwambia asiendeshe tena. Akanyamaza, hajanieleza mpaka leo. Nilimsikia mwenyewe nikiwa nje ya mlango wa daktari. Ile pikapu ya gereji ameshaigonga kwenye geti, akasema geti limekaa vibaya. Na hili gari, kila siku wimbo ni mmoja: likiisha tu, nakupakia mke wangu, twende kwa dada yako, mimi na wewe, barabara nzima. Siku nzima ya safari, baba, na yeye pembeni haoni! Nikimwambia aache atasema namdharau. Basi nikasema, lisiishe. Yeye akilala mchana mimi naingia, nafungua mbili tatu. Kesho yake anakaza tena, anapoteza siku. Nikaona tunaenda vizuri."

"Mpaka akaanza kujiona amechanganyikiwa."

"Mwanzo nilifurahi," alisema mama, na macho yakamjaa machozi. "Mungu anisamehe. Nilisema ataacha mwenyewe. Halafu nikamkuta amekaa kitandani ameshika tama, ananiuliza, mama watoto, nikikusahau wewe itakuwaje? Toka hapo nikaanza kuzirudisha. Kumbe kuzirudisha ndiko kunammaliza zaidi."

"Umefungua vitu gani vyote?"

"Taa, milango, waya wa betri. Vile ambavyo hii spana inaenea."

"Na injini?"

"Injini! Ile sijaigusa hata turubai lake. Inanitisha, utadhani itaniuma."

Fundi saa alitaka kuuliza tena, awe na hakika, lakini hakuuliza. Alisema tu kwamba lazima mzee aambiwe, leo hii, kabla gari halijauzwa na gereji kufungwa. Mama alisema anaogopa. Fundi saa alisema hata yeye anaogopa. Walikuwa bado wanaogopa pamoja pale uani wakati Spana alipotokea mlangoni akipangusa macho, akaona taulo, bolti zilizoanikwa, na mkewe na mswaki mkononi.

 Alikuja, akaokota bolti moja, akainusa.

"Nimefungua mimi," alisema mkewe. "Zote. Tangu mwanzo. Kwa ajili ya macho yako, usije ukatuua barabarani. Nilimsikia daktari."

Fundi saa alijiandaa kwa ngurumo. Spana alisimama na bolti yake, midomo ikicheza, na kilichomtoka kilianza kama kikohozi kikageuka kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Kwa hiyo ile taa ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na bawaba? Na waya wa betri? Nimeutafuta ule waya nikalia, mwanamke wewe, nimelia kweli!"

"Vyote mimi. Nisamehe."

"Kwa hiyo mimi mzima!" Akajipiga kichwa kwa kiganja, akamgeukia fundi saa. "Mwanangu, umesikia? Mzima! Nimeoa mwizi wa nati, lakini kichwa kizima! Na hilo la macho tutalisema, mtu wa kuendesha atapatikana, hilo dogo..." Akakatika ghafla. Uso ukaanza kumshuka, taratibu. "Na zile pistoni?"

Mama aliuweka mswaki chini.

"Pistoni mbili," alisema Spana. "Ziligeuzwa. Ulikuwa wewe pia?"

Fundi saa aliangalia vidole vyake. Alijua jibu. Alijua pia kwamba mzee huyu alikuwa amesema ukweli tangu mwanzo, kwamba kichwa kinamwacha, na yeye akadhani ni ujanja. Alihisi mama anamtazama, akainua macho, na mama hakuwa akimwomba ruhusa. Alikuwa akihakikisha kwamba atanyamaza.

"Hizo nazo ni mimi," alisema mama.

"Wewe? Ulifungua mpaka sampu?"

"Ulikuwa umelala sana siku hiyo."

Spana alimtazama mkewe kwa heshima ambayo fundi saa hakuwahi kuiona usoni mwa mume yeyote. "Na mimi nimekaa na makanika nyumbani miaka yote hii nikimtuma chai," alisema, na furaha ikamrudia yote, mara mbili. Akamwomba fundi saa radhi, gari haliuzwi, kesho anafungua gereji yake kama kawaida na mdogo wake atasubiri sana hizo funguo. Akaingia bandani akipiga mluzi.

Mama alimsindikiza mgeni mpaka getini. Fundi saa alitembea kichwa kikiwa kimejaa ukungu. Alikuja kununua gari, anaondoka bila gari, na hakujua kama ameona nyumba ikiponywa au ikidanganywa.

"Mama, lakini hiyo gereji," alianza. "Breki za watu..."

"Najua. Nitaongea na mdogo wake leo hii. Halitatoka gari pale kabla hajalikagua yeye, na mzee hatajua. Hilo niachie. Leo mwache afurahi, baba. Sijui atafurahi mara ngapi tena." Akashika geti. "Sasa niambie upesi. Pistoni ndiyo nini?"

"Mama?"

"Ataniuliza nilizitoaje. Mimi namjua, kwenye chuma hadanganyiki. Nikikosea hatua moja amekwisha. Zikoje? Ziko juu au chini?"

Fundi saa alitupa jicho upande wa banda. Kisha akafanya kopo kwa kiganja cha kushoto, akaingiza ngumi ya kulia ndani yake, akamwonyesha inavyopanda na kushuka. Mama alikunja uso akaiga kwa mikono yake, ile iliyokuwa bado imekunjamana kwa maji ya beseni.

"Mama watoto!" Spana aliita kutoka bandani, sauti imejaa kicheko. "Njoo unionyeshe ulivyozitoa, we mwizi!"

"Nakuja!" mkewe alijibu. Akamgeukia fundi saa, mikono bado iko hewani. "Haraka, baba. Nianze na nini?"

"Sampu," alimwambia. "Iko chini kabisa. Unaanza na bolti za sampu."